Reli ya Vitoroli

Haya yalimkuta Matiko, rafiki yangu ninayemshinda kila kitu isipokuwa ubishi. Mwaka 1984 majembe yaliadimika madukani. Mvua zikaanza, na jembe la mama yake lilikuwa limebaki mpini. Mhunzi wa Butiama akamwambia, "Lete chuma, nikufulie leo leo. Kama unaogopaga giza, mtume mama."

Chuma kilikuwepo kwenye handaki la machimbo ya dhahabu yaliyokufa, lililotobolewa enzi za wakoloni kupitisha vitoroli vya mawe. Mdomo wa pili uliporomoka kabla hatujazaliwa. Matiko aliingia mchana, peke yake, na msumeno. Reli ya mlangoni ilikuwa imeliwa na kutu, haifai. Akaendelea mpaka mwanga ukaisha, akisikia matone ya maji na pumzi zake tu. Mimi ningeimba, yeye alipiga hodi, apate kusikia hata sauti ya mtu. Mwangwi haukurudi.

Akainama, akapapasa. Huko ndani reli haikuwa na kutu kabisa. Mgongo wake ulikuwa laini kama kijiko. Akaweka kiganja chote.

Ilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.