Sifuri Nne za Shakila

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja na kuvaa sare za shule, Shakila alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtoto mwingine wa kijiji cha Mkunya aliyekuwa nayo. Alikwenda katikati ya uwanja, mahali palipochimbiwa nguzo fupi yenye chombo kirefu, chembamba, cheupe kama glasi. Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na maji, akasoma mstari, kisha akaandika kwenye daftari la jalada la kijani: milimita tisa, milimita ishirini na moja, sifuri. Chombo hicho kilikuwa kipima mvua, na Shakila alikitunza vizuri kuliko hata viatu vyake vya shule.

Kazi hiyo alipewa na Dokta Yasinta, mmoja wa watafiti watatu waliopanga vyumba vya uani kwa Bibi Stamili, bibi yake Shakila. Wote walitoka chuo kikuu kimoja na walikuja kwa gari moja, lakini kila mmoja alikuwa na lake. Yasinta alitafiti magonjwa ya mikorosho, na aliweza kushinda kutwa nzima chini ya mti mmoja akigeuza majani. Naima alitafiti mbu. Aliwatega, akawalaza kwenye karatasi nyeupe na kuwahesabu mmoja mmoja kwa kibano. Cuthbert, aliyesoma sekondari pale Chidya kabla ya kwenda chuo, alitafiti maneno. Alizunguka kwa wazee na kinasa sauti chake, akiuliza Kimakonde cha zamani kilikuwa na majina mangapi ya mvua.

Watu walicheka, tena walicheka sana. Khalidi, aliyesoma darasa la sita pamoja na Shakila, ndiye aliyekuwa bingwa wa kuwakebehi.

"Mtu asome miaka yote ile, halafu aje kuhesabu mbu!" alisema. "Mimi nawahesabu kila siku, tena kwa makofi, na sijapewa cheti."

Shakila naye alicheka, maana Khalidi alijua kuchekesha. Lakini moyoni aliwastaajabia wageni wale. Alistaajabu kwamba jani moja lingeweza kumtosha mtu kwa miaka saba, na kwamba neno alilolisema Bibi bila kufikiri, huku akichambua mchicha, lingemfanya Cuthbert aruke kwenye kigoda na kusema, "Bibi, rudia hapo hapo!" Dunia iliyokuwa uani kwao ilionekana kwake kubwa kuliko alivyoijua, na yeye, mwenye daftari la kijani, alikuwa ndani yake.

Basi ikaja wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha kila siku, mara alasiri, mara usiku, baridi ikaingia na blanketi likawa tamu. Yasinta alikuwa Masasi kwa kazi wiki nzima, na Naima alikuwa Chilangala na mitego yake. Shakila akaona hapana wa kumfuatilia, akalala.

Jumatatu ya wiki hiyo alipotoka, jua lilikuwa limeshapanda na Bibi Stamili alikuwa amemaliza zamani kazi yake ya alfajiri. Bibi, kama wanawake wote wa uwanda ule wa juu, hakuwahi kuacha maji ya mvua yakae nje. Huku juu, visima ni vya shida na mabonde yenye maji yako mbali. Kwa hiyo, mara tu baada ya kuswali, alizunguka uwanja na kumimina kila kilichokinga maji: ndoo, beseni, sufuria, hata kifuniko cha birika. Maji yote aliyaingiza mtungini. Alipofika kwenye kipima mvua, alikimimina nacho pia. Alijua mjukuu wake huamka mapema na kukisoma, na siku zote hukikuta kimeshasomwa. Alfajiri hiyo hakikuwa kimesomwa.

Shakila akatazama ndani ya chombo. Kikavu! Miguu yake ilikuwa imezama kwenye tope, lakini chombo kilikuwa kikavu. Alisimama na kalamu yake. Angeweza kuandika kwamba amechelewa. Lakini Yasinta angesoma, na Khalidi alikuwa ameshasema waziwazi kwamba kazi ile aliitaka yeye. Mwishowe akajiambia, "Si kitupu kweli? Sisemi uongo." Akaandika sifuri.

Jumanne akaandika sifuri tena. Na Jumatano. Na Alhamisi. Ijumaa hofu ilimwamsha mapema, na tangu hapo hakuchelewa. Sifuri nne zikabaki ndani ya daftari, naye akajitahidi kuzisahau.

Wiki mbili zikapita. Siku ya Jumamosi Bibi alikwenda msibani. Shakila alikuwa akiosha vyombo, Yasinta na Naima wamekaa mkekani na makaratasi yao, daftari la kijani limefunguliwa katikati. Cuthbert alikuwa chumbani, amevaa vile vidude vyake vya masikioni, anasikiliza wazee na kuandika.

"Sielewi," alisema Naima. "Mbu wameongezeka maradufu baada ya ile wiki ya kwanza. Na daftari linasema wiki ile ilikuwa kavu. Wamezaliwa kwenye maji gani? Nadhani mitego yangu ina kasoro. Itabidi nitupe hesabu zote nianze upya."

"Wewe unatupa hesabu," Yasinta alijibu kwa huzuni. "Mimi natakiwa kukata miti."

Shakila akaacha kusugua sufuria.

"Ile mikorosho mitatu ya Bibi, nyuma ya nyumba," Yasinta aliendelea. "Majani yake yanakauka. Ingekuwa mvua ilinyesha mfululizo majani yalipokuwa machanga, ningesema ni ukungu wa majani, tupulizie dawa tu. Lakini siku nne zile za mwanzo wa mwezi hazikuwa na tone. Basi nashuku ni mnyauko, ule unaokaa udongoni. Huo ukiachwa utamaliza mikorosho ya kijiji kizima. Majibu ya maabara yatachelewa, na bwana shamba anataka ushauri wangu kesho. Jumatatu waje na mashoka."

Mikorosho ile mitatu aliipanda babu yake Shakila mwaka aliooa. Yeye alikuwa ameshafariki, lakini Bibi mpaka leo aliiita kwa jina lake. Msimu wa korosho ukifika, hakuruhusu mtu kuiokotea kabla yake yeye.

Shakila aliinuka. Alitaka kukimbia, akajikuta amesimama mbele ya mkeka, mikono ikidondosha povu.

"Dokta," alisema, "mvua ilinyesha. Siku zote nne. Nilichelewa kuamka, Bibi akawa ameshamimina maji mtungini. Nikaandika sifuri."

Yasinta alilivuta daftari. Alizitazama zile sifuri nne.

"Shakila, unasema hivi kwa sababu ni kweli, au kwa sababu umesikia miti ya babu yako itakatwa?"

Lile swali lilimchoma. Mtu aliyeandika uongo mara nne na akaaminiwa, sasa anasema kweli mara moja na haaminiki. Machozi yakamtoka.

"Ni kweli, Dokta. Wallahi ni kweli. Lakini sina cha kuonyesha."

Naima akainua kichwa. "Wiki ile mimi na wewe hatukuwepo. Lakini Cuthbert alikuwepo."

Wakamwita. Cuthbert alitoka akipepesa macho, kichwa chake bado kimejaa maneno ya wazee. Kuulizwa kama mvua ilinyesha siku fulani kulimtatiza kidogo. "Mvua? Mimi huwa nauliza majina yake, sijui kama huwa naitazama," alisema. Kisha akapiga kofi paja lake. "Ngojeni! Mimi sikumbuki, lakini chombo kinakumbuka."

Akaleta kinasa sauti, akatafuta, akakiweka mkekani. Kwanza ilisikika sauti yake mwenyewe: "Leo ni Jumanne, tarehe nne, mwezi wa tatu. Niko na Bibi Stamili." Halafu sauti ya Bibi, taratibu, akieleza majina ya mvua. Halafu, pole pole, dundo la mvua juu ya mabati. Dundo likakua mpaka maneno yakamezwa, na Bibi akasikika akipiga kelele: "Ngoja, mjukuu wangu! Mambo ya majina baadaye, nikinge maji!" Zikafuata kelele za ndoo na masufuria kugongana.

Naima alicheka mpaka akajifuta macho. Cuthbert akatafuta tena. Jumatatu, dundo la mabati. Jumatano, Bibi analalamika kwamba kuni zote zimelowa. Alhamisi mahojiano yamekatishwa na radi.

"Mfululizo," alisema Yasinta, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Siku nne mfululizo, na majani machanga. Na mbu wa Naima wanashuhudia. Mitego yako haina kasoro, Naima. Kesho nitamshauri bwana shamba tupulizie dawa. Mashoka yasubiri maabara."

Shakila alichukua daftari akalitoa kwa mikono miwili. "Mpeni Khalidi. Mimi sistahili."

Yasinta hakulipokea. Alimwonyesha mahali pa kukaa, karibu naye.

"Umeona leo?" alisema. "Mmoja anasikiliza maneno, mwingine anahesabu mbu, mimi nageuza majani. Watu wanatucheka kwamba kila mtu na lake. Lakini dunia ni moja, na mvua moja imetupitia wote. Ndiyo maana uongo mdogo wa mmoja wetu huingia kwenye kazi za wote, na ukweli wa mmoja huja kuwaokoa wengine. Sasa nisikilize. Sifuri maana yake ni kwamba mvua haikunyesha. Ni jibu kamili. Ulipokuwa hujui, ulitakiwa kuandika 'sijui'. Hilo si neno la aibu, mwanangu. Sisi watatu tumetoka kwetu tukaja hapa kwa sababu ya neno hilo hilo."

Akampa kalamu. Shakila akapiga mstari juu ya kila sifuri, na pembeni akaandika: *Sijui. Nilichelewa.* Mara nne.

"Na kwa mwezi mmoja utasoma pamoja na Khalidi," Yasinta aliongeza. "Macho mawili mengine hayatakudhuru."

Bibi Stamili aliporudi, Shakila alimweleza yote mwenyewe, hata lile la mashoka. Bibi alikwenda nyuma ya nyumba, akaweka kiganja juu ya gome la mkorosho mmoja. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa unataka kucheka.

"Loo! Kumbe siku zote zile nilikuwa nakunywa elimu ya watu," alisema. Kisha akamkamata mjukuu wake bega. "Umekosa, mke mwenzangu, na nimekasirika. Lakini ulisema wakati ambao kunyamaza kulikuwa rahisi. Mtu anayejua kurudi kusema kweli, huyo namwachia hata miti ya mume wangu."

Kesho yake alfajiri, baada ya mvua ya usiku, Shakila alitoka mbio akifunga khanga, na Khalidi alikuwa ameshafika langoni akipiga miayo. Bibi Stamili alikuwa tayari uwanjani. Ndoo zote zilikuwa zimeshamiminwa, beseni na sufuria pia. Kilibaki kipima mvua peke yake, kimejaa, naye amesimama kando yake na kata mkononi, anangoja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Haya, someni," alisema. "Mkimaliza kuandika, mnipe maji yangu."