Pua ya Bwana Msellem

Soko la Konde lilikuwa limefurika siku ile mwanamme mmoja mwenye kujishaua alipoipiga kikumbo meza ya udi ya Rahila. Kanzu imenyooka kwa pasi, kofia ya viua kichwani, kalamu tatu mfukoni, utasema waziri. Chupa mbili zilianguka, naye badala ya kuomba radhi akajitambulisha.

"Msellem. Mpika mafuta ya karafuu, miaka thelathini. Vyeti kumi na moja."

"Na macho mangapi?" Rahila alimuuliza.

Rahila, mjane wa miaka arubaini na mbili, alikuwa bingwa wa kudharau watu, na huyu alikuja mwenyewe kujileta. Msellem alichukua namba yake ya simu ili alipe zile chupa, basi kila baada ya alasiri akampigia na kumsimulia alivyopika makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, mpaka mafuta yake yakasifiwa ng'ambo.

"Laazizi, Maskati walinipigia makofi."

"Walikuwa wanaua mbu."

Alimcheka hivyo kila siku, na simu ikichelewa alinuna mpaka wateja wakamuogopa. Alijidharau mno kwa kumpenda mtu wa namna ile. Msellem alipotaka kuleta posa, alimwambia atafikiri, na kanga za harusi alikuwa keshazichagua.

Ndipo Msellem akampelekea chupa ya mafuta achanganyie udi wake. Rahila alifungua, akanusa karafuu, na nyuma yake mchaichai. Jungu la Msellem lilipika vyote viwili, na hata anayeanza kazi leo anajua kwamba ukitoa mchaichai unachemsha maji matupu kwanza ndipo utie makonyo. Akampigia hapo hapo.

"Bwana Msellem, jungu hukulisafisha. Mafuta yananuka nchaichai."

"Hayanuki."

"Yananuka! Au ushazoea kuwauzia watu chochote?"

"Bi Rahila, pua yako ya sokoni isinifundishe kazi."

Rahila alimkatia simu na kuifunga namba yake. Tapeli, alisema, kisha akalia, na kulia kwenyewe kukamtia hasira.

Wiki tatu baadaye yakaja maonyesho ya wakulima Gombani, ambapo Msellem angetunzwa kwa miaka yake thelathini. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili, akaja kusoma hotuba ambayo ni wazi hakuiandika. Rahila alikwenda na baibui jipya, mtandio wa zambarau, na mafuta ya taa ndani ya chupa safi ya manukato. Alitaka Msellem akohoe mbele ya wageni wake. Alimkuta kando ya jukwaa.

"Kama pua yangu mbovu, tuone yako. Nusa."

Msellem alifumba macho kama bingwa, akavuta pumzi ndefu. "Karafuu safi. Makonyo ya Vitongoji haya."

Rahila alikuwa ameshafungua mdomo kumcheka. Cheko halikutoka.

"Msellem, haya mafuta ya taa."

Aliitazama ile chupa, uso ukamsawijika. "Tokea korona sinusi kitu. Napika kwa saa na kwa rangi. N'ngekwambia, ungenidharau."

"N'ngekudharau, ndiyo. Na jungu lingesafishwa!"

Kipaza sauti kikamwita. Rahila alimwambia aende akachukue cheti chake na uongo wake. Msellem alipanda, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mafuta ya miaka hii yote sikuyanusa. Pua yangu imekufa. Mwenye mabaya ayarejeshe. Tunzo siistahiki."

Mgeni rasmi alipekua karatasi zake, hakuona pameandikwa nini hapo. Watu walicheka. Wanunuzi wawili waliondoka. Msellem alishuka mikono mitupu, Rahila akiwa pale pale chini ya ngazi.

"Nimekwisha," alisema Msellem.

"Wacha maneno ya kitoto. Weye utapika, mie n'tanusa. Ila siingii kiwandani kwa mwanamme asiye mume wangu, watu wa Konde nawajua midomo yao. Ijumaa walete wazee wako kwa kaka yangu Himid."

Machozi yalimtoka Msellem. "Nimekubali."

"Sikukuuliza," alisema Rahila, akampa leso afute machozi.