Nongo za Hafidha

Sakafu ya bafu ilikuwa safi. Hilo ndilo lililomsimamisha Hafidha mlangoni, mswaki mkononi, maana jana yake alasiri alijisugua singo mwili mzima na nongo zilizombanduka akaziacha palepale chini, zimerundikana kando ya tundu la maji, akijiambia atazifagia asubuhi. Sasa hapana nongo, hapana punje ya liwa, hapana hata unywele mmoja. Vigae vinang'aa. Akainama akavigusa kwa kidole, na kidole kikanata.

"Shifa!" aliita. "Umeosha bafu wewe?"

"Nioshe nongo zako mimi?" Shifa alimjibu akiwa bado kitandani. "Nina wazimu?"

Hafidha akanawa kidole, akapiga mswaki, akayasahau. Na laiti asingeyasahau.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Mashoga hao wawili wa Unguja walipanga chumba kimoja katika nyumba ya wageni mjini Guangzhou, karibu na mtaa wa Shisanhang walikokuwa wakinunua nguo za jumla. Hafidha alikuwa na miaka ishirini na saba, na safari hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya harusi yake. Mchumba wake, Maulid, alikuwa fundi friji, na alimpendea kicheko. Hafidha akicheka, uso mzima hukunjika, macho yakapotea, na aliye karibu naye hata kama ana msiba atacheka tu.

Lakini mama yake Maulid alisikika kwenye shughuli ya watu akisema, "Bibi harusi mwenyewe mbona ameshaanza kunyauka? Biashara imemla uso." Mwenye kuyasikia akayabeba mpaka kwa Hafidha, kama ilivyo kawaida ya watu wetu, na Hafidha usiku ule hakula.

Basi akaanza kuutunza ujana wake, na Hafidha akianza jambo hajui kuliacha. Juani hatoki bila mwavuli, kama wafanyavyo wanawake wa pale. Chai ya sukari kaacha, vya kukaanga kaacha, anatembea na chupa ya maji ya moto kwapani. Mchana, saa ile mji mzima unapojilaza, naye anafunga mapazia na kulala chali, kwa sababu ukilala ubavu mto unakukunja shavu. Usoni kajipaka krimu ya lulu nene kama uji. Kukunja uso hakuna. Na kucheka, maana kucheka ndiko kunakoleta mikunjo pembeni mwa macho, hakuna pia! Shifa akimsimulia kisa cha kuvunja mbavu, mwenzake anayashika mashavu kwa mikono miwili na kusema, "Ha ha ha," sauti tupu, uso umetulia tuli.

"Shoga, unanitisha," Shifa alimwambia siku moja. "Ndivyo utakavyomchekea Maulid?"

"Nikishaolewa nitacheka."

Na kila Alhamisi, singo: liwa, karafuu, mawaridi makavu, vyote alivibeba kutoka kwao, akavikanda kwa marashi na kujisugua mpaka ngozi ikachonyota. Sasa, nongo za singo hazitupwi ovyo. Somo aliyemfunda alimwambia wazi: zikusanye kwenye kitambaa, kazimwage kwenye maji yanayokwenda, kwa sababu zile ni wewe. Nyumbani bahari ipo mlangoni. Guangzhou mto upo, na si mbali, lakini Hafidha aliona haya kusimama ukingoni mbele za watu akikung'uta uchafu wa mwili wake. Akawa anazisukuma kwa unyayo mpaka tunduni. Siku akichoka anaziacha hapohapo, na asubuhi anakuta sakafu imeng'aa.

Ngozi ikapendeza, usinifanye mwongo. Sokoni wanawake wenye maduka walimshika shavu na kuita wenzao waje waone. Kovu la moto alilolipata utotoni kwa mafuta ya maandazi likafutika. Kovu la chanjo begani likafutika. Hafidha akafurahi, akamwonyesha Shifa, na Shifa akaangalia kwa muda mrefu.

"Kovu la chanjo halifutiki," Shifa alisema. "Mimi bibi yangu kafa nalo."

"Husuda hiyo."

"Na hii harufu je? Huisikii?"

Harufu ilikuwepo. Ilitoka bafuni, harufu ya wali uliochacha uliochanganyika na karafuu, na chini yake kitu kingine, harufu ya mdomo wa mtu asiyepiga mswaki. Walimwita mwenye nyumba, mama wa makamo waliyemwita Laoban kama wanavyoitwa mabosi wote pale. Laoban akainama juu ya tundu, akanusa, akachungulia. Akanyanyuka haraka. "Meyo," alisema, yaani hakuna, hakuna kitu, akiwa tayari yuko nje. Jioni wakakuta amechoma udi mlangoni pao na kuweka machungwa mawili, na tangu siku hiyo hakupanda tena ghorofa yao.

Kilichomtia Hafidha hofu hasa ni vidole. Yeye sifa yake sokoni ilikuwa kushika kitambaa kwa ncha za vidole na kukuambia hii pamba, hii nailoni, hii wamechanganya. Asubuhi moja akashika gauni Shisanhang asihisi kitu. Akashika jingine, likamteleza. Akavitazama viganja vyake kwenye mwanga wa duka, na vilikuwa vyeupe, vitupu, havina mstari hata mmoja, si wa kiganja wala wa kidole. Akaacha mzigo na kurudi chumbani.

Shifa alikuwa bado sokoni. Mchana ule Hafidha alifunga mapazia kama kawaida na kulala chali kama kawaida, ila hakulala. Kwa muda mrefu amekuwa akiamka usingizi wa mchana na uso wenye majimaji ya kunata, akasema ni jasho, akasema ni kiyoyozi kinadondosha. Leo alitaka kujua.

Kwanza ilikuwa sauti. Bafuni, mtu akinyonya mfupa wa supu. Halafu kikasikika kitu kinachojivuta, kinaachia kigae kimoja na kushika kingine, na ile harufu ya wali uliochacha ikaingia chumbani ikatangulia mpaka kitandani, ikamjaa puani na kooni, naye amefumba macho na kubana pumzi, akitaka kusoma Ayatul Kursiy na kila akiianza inampotea, huku godoro likibonyea upande wa miguu, halafu upande wa magoti, halafu pembeni mwa mbavu zake, taratibu, kwa adabu, kama mama asiyetaka kumwamsha mtoto, mpaka ulimi ukamgusa kidevuni, ulimi mpana, wa baridi, wenye magaga, ukapanda mpaka kwenye mdomo, ukapita juu ya pua, ukafika kwenye paji la uso, ukarudi tena chini kuanza upya, na kila ulipopita alihisi kitu chembamba kinabanduka. Akafumbua jicho moja.

Kilikuwa kimeumbwa kwa nongo. Vile vijipande vya kijivu vinavyojiviringisha ukijisugua, maelfu na maelfu yake, vimeshikana na nywele za tunduni na utelezi wa sabuni, vikafanya mabega, vikafanya shingo. Begani, jamani, begani kilikuwa na kovu la chanjo. Mkononi kilikuwa na kovu la mafuta ya maandazi. Uso kilikuwa bado hakijaumaliza.

Hafidha akakunja uso ili apige kelele.

"Usikunje," kilimnong'oneza, kwa upole. "Utaharibu."

Shifa aliporudi alimkuta kwenye ngazi, kanga moja tu, anatapika na hana tena cha kutapika.

"Kinanilamba," Hafidha alimwambia kwa sauti ya chini, kamshika mkono. "Shifa, kinanilamba mchana nikilala. Kimevaa makovu yangu."

"Nyamaza. Usikitaje. Vaa nguo tuondoke."

Hawakurudi mpaka wamempata Maalim Abdulsalam. Huyo alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, alikuja kuchukua viatu vya jumla soko la Zhanxi, mjini humohumo, lakini kwao watu humwita akawatolee majini na hiyo ndiyo kazi aliyorithi. Alikuja kesho yake mchana amebeba kitezo na furushi la sampuli za makubazi, akanung'unika kwamba amekatiza bei nzuri. Alipokanyaga sakafu ya bafu akaacha kunung'unika. Akafukiza ubani, akasoma, akasoma tena, jasho likamtiririka, kisha akaliinamia tundu.

"Nani kakuleta kwa binti huyu?"

"Sikuletwa," tundu likajibu, na sauti ilikuwa ya Hafidha. "Nililishwa. Kila Alhamisi ananiletea."

"Mwachie."

"Achukue chake chote, niondoke. Nisipobaki na chake siwezi kukaa."

Maalim akafunga pua kwa kilemba, akatumbukiza waya wa kuzibulia na kuvuta. Lahaula! Likatoka donge kubwa kama mkate wa mofa, la kijivu, linateleza, lina nywele, na lina joto. Lilipoanguka kwenye vigae likatulia, halafu likapumua. Shifa alikimbilia dirishani.

"Sikiliza, mwanangu," Maalim alimwambia Hafidha. "Hiki hakikukuibia. Ulikipa. Sasa ujipake chako, mwili wote, kuanzia utosini mpaka unyayoni, usisaze hata mahali pa ukucha. Sisi tutakaa nje. Ukisaza, umekiachia mlango, popote utakapokwenda."

"Na ngozi yangu je?"

"Itarudi ilivyokuwa."

Mlango ukafungwa. Hafidha akavua, akachota donge kwa mikono miwili. Lilikuwa laini na lilimng'ang'ania. Akajipaka miguu akitapika, akajipaka tumbo, akajipaka mikono, na kila alipopaka palimwasha kama upupu, kisha vile vijipande vikajilaza, vikaingia ndani ya ngozi vikiwa hai, akahisi kila kimoja kinatafuta mahali pake. Kovu la maandazi likarudi. La chanjo likarudi. Mistari ya viganja ikajichora, akalia kwa furaha.

Likabaki la uso. Donge dogo tu la uchafu kwenye kiganja, ukubwa wa kidole gumba. Hafidha akajitazama kwenye kioo: hapana mkunjo, hapana doa, uso wa msichana wa miaka kumi na saba. Akamkumbuka mama yake Maulid, akiwa amekaa kwenye mkeka anamkagua mbele za watu. Akasema moyoni, uso ni sehemu ndogo, kitaishi vipi kwa uso peke yake? Akalisukuma tunduni kwa unyayo, kama alivyozoea, na kumwaga maji.

"Nimemaliza, Maalim."

Tundu likabeua mara moja, na harufu ikakatika. Shifa akamkumbatia na uchafu wake wote, anacheka na kulia. Hafidha naye akataka kucheka. Uso haukumfuata. Akadhani ni krimu imekauka.

Huko Unguja harusi ilifana. Mama yake Maulid alimfunua ushungi, akamtazama, akapiga kigelegele mwenyewe. "Mashallah, uso kama yai!" Na kweli ulikuwa kama yai. Wanawake walicheka, wakaimba, wakamtania mpaka basi, na Hafidha alifurahi moyoni mpaka machozi yakamtoka, lakini midomo ilifunguka kidogo tu, kiasi cha kupitisha kijiko. Somo alikuwa amemsugua singo siku mbili kabla, mpaka akafika usoni. Alisugua, akasugua, hakikutoka kitu.

Siku ya tatu ya fungate, baada ya chakula cha mchana, walijilaza. Maulid alimgeukia.

"Mke wangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi cheka japo kidogo. Toka umerudi sijakuona unacheka. Mimi hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri muda wote huo."

Hafidha akajaribu. Wallahi alijaribu, alijaribu mpaka shingo ikamuuma, na uso ukabaki umelala vilevile, laini, mzuri. Maulid akageuza macho kwenye dari. Baadaye usingizi ukampitia.

Hafidha hakulala. Kwa hiyo ni yeye aliyeisikia kwanza ile sauti ya kunyonya mfupa, ikitoka bafuni kwao, na ni yeye aliyeivuta kwanza ile harufu ya wali uliochacha na karafuu. Kisha bafuni mtu akacheka. Kilikuwa kicheko chake mwenyewe, kile cha zamani, cha kupoteza macho.

Maulid akafumbua macho. Tabasamu likamjaa. Upande aliolala mke wake hakuutazama, alikuwa amempa mgongo.

"Alaa! Kumbe unacheka huko peke yako!" alisema, akashusha miguu chini na kuvaa kandambili.

Hafidha akamrukia shati, likamponyoka. Akamwita jina, ikatoka sauti ya kunong'ona tu; akataka kupiga kelele, kulia, na mdomo ukagoma kukunjuka. Mlango wa bafu ukafunguliwa, ukafungwa, na huko ndani Maulid akaanza kucheka pamoja naye.