Ganda Lililosimama Wima

Saa nane na dakika ishirini mchana mkulima mmoja alirudi katika duka la bunduki za kuwindia. Alimkuta mwenye duka amelala chali katika chumba cha nyuma, kifua kimetoboka.

Duka lilikuwa na vyumba viwili. Mbele kulikuwa na kaunta na kabati la chuma. Nyuma kulikuwa na benchi la fundi, jiliwa la kubania vyuma, na pipa lililojaa mchanga ambalo bunduki zilijaribiwa kwa kulipiga. Kwa hiyo mlio wa risasi haukumshtua mtu pale. Mtaa mzima ulikuwa umeuzoea kama mlio wa nyundo.

Inspekta alifika saa tisa kasoro kumi, akiwa na koplo wake.

"Kajipiga mwenyewe, Afande," koplo alisema. "Alikuwa anaisafisha ikafyatuka. Twende zetu tukanywe chai."

Inspekta alikuwa na miaka ishirini na sita kazini. Maiti hazikumfanya kitu tena. Alisikia kiu, basi. Aliitazama bunduki iliyolala juu ya benchi, mpya, ya bei ya chini, kitako cha plastiki. Ilikuwa ya kuvuta bolti, kile chuma kinachofunga risasi ndani, kwa mkono. Ukipiga, ganda la risasi linabaki ndani mpaka mtu aivute bolti nyuma.

Bolti ilikuwa wazi. Ganda lilikuwa kando ya jiliwa, limesimama wima, mdomo juu.

"Huyu alipigwa kifuani, akafa palepale," Inspekta alisema. "Bolti ilivutwa na nani?"

Koplo alijikuna shingo. "Basi chai hakuna."

"Hakuna."

Walianza na mkulima. Alikaa kwenye kiti cha mbao, kofia imebanwa katikati ya magoti.

"Uliingia dukani saa ngapi?"

"Saa saba na nusu, Mkubwa. Nguruwe pori wamenimaliza. Wanaingia shambani mchana kweupe kama wana hati ya ardhi. Nikataka bunduki ya bei ninayoiweza. Bosi akanipa hii niishike, akasema rahisi kuliko hii siipati popote, halafu mpya."

"Uliishika?"

"Niliishika. Nikalenga ukuta. Akaniambia nikatoe kopi ya kibali changu, yeye anaiandaa. Nikaenda kwa mama wa kopi, mtaa wa pili. Sijafika, umeme ukakatika. Mama kafunga mlango. Nikakaa kwenye ngazi zake nikisubiri, nikachoka, nikarudi."

"Nani alikuona umekaa?"

"Mtu aliyekaa kwenye ngazi anatazamwa na nani, Mkubwa?"

Inspekta aliuliza watu wa umeme kwa simu. Mtaa wote ulikosa umeme kuanzia saa nane kasoro dakika kumi hadi saa tisa. Aliandika.

Mdogo wake marehemu alikuwa mnene, macho mekundu. Mchana ule alikuwa nje, mbele ya duka, ndani ya gari lake.

"Nilisikia mlio kwenye saa nane hivi," alisema. "Nilijua ni fundi anajaribu bunduki. Nilisahau kwamba fundi katoka."

"Mkulima alirudi kabla ya mlio au baada?"

"Sikumbuki. Nilikuwa kwenye simu."

"Nasikia mlikuwa mnagombana, wewe na kaka yako. Ulitaka duka liuzwe."

"Kila siku tuligombana. Ni kaka yangu, ulitaka nigombane na nani? Na wewe?"

Wa mwisho alikuwa fundi. Mzee wa miaka sitini na kitu, miaka thelathini na moja kwenye benchi lile. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Nilitoka saa saba na robo kwa mlango wa nyuma. Nilikwenda kwa mchonga vyuma anichongee skrubu. Nikasimama pale, mashine inazunguka, mpaka saa nane na nusu."

"Pole kwa msiba, Fundi."

"Msiba wangu ulikuwa miezi mitatu iliyopita," fundi alisema.

Saa kumi na moja jioni mkulima aliwekwa mahabusu. Mkuu wa kituo hakutaka maneno mengi. Bunduki kaishika, maiti kaikuta yeye, na hana shahidi. Kesho saa sita mchana ashtakiwe kwa mauaji. Mkulima aliuliza jambo moja tu: mahindi yatalindwa na nani?

Inspekta alikisoma tena kijitabu chake. Kisha alikwenda kwa mchonga vyuma, akauliza swali moja, akarudi nyumbani kulala.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, aliwakusanya wote katika chumba cha nyuma. Mkulima alikuwa na pingu. Sakafu ilikuwa imeoshwa. Inspekta alichukua ganda tupu kutoka kopo la fundi, akalitia katika bunduki nyingine ya aina ileile.

"Haina risasi, ganda tu. Lenga pipa, fyatua, halafu iweke chini."

Koplo alimfungua mkulima. Mkulima akafyatua, ikalia ta! Akailaza bunduki benchini kama anayelaza mtoto. Bolti ilibaki imefungwa.

"Ganda liko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Ganda gani? Si lilitoka?"

Koplo alicheka kidogo, akajikaza.

Mdogo wake marehemu aliivuta bolti kwa nguvu. Ganda liliruka, likagonga ukuta, likabingirika chini ya kabati.

"Nani atainama kuliokota?" alisema. "Mimi na tumbo hili?"

Inspekta alitia ganda jingine, akamkabidhi fundi bunduki.

"Fundi, huyu bwana ana hela kidogo na nguruwe wengi. Ungemshauri nini kuhusu bunduki hii?"

"Asiichukue," fundi alisema. Alifyatua kwenye pipa. "Mtu anatazama bei na kitako kinavyong'aa. Kitu cha kutazama ni bolti. Ina meno mawili ya kuibana ndani risasi inapolipuka. Hizi jino moja halikamati. Siku likiachia, bolti yote inarudi usoni kwako."

Alipokuwa akisema, mkono wake wa kulia uliivuta bolti polepole. Wa kushoto ulilipokea ganda kabla halijaanguka, ukalisimamisha juu ya benchi, kando ya jiliwa, mdomo juu.

Fundi alilitazama ganda lile muda mrefu.

"Hivyo ndivyo nilivyolikuta jana," Inspekta alisema. "Na mchonga vyuma hana jenereta. Umeme ulipokatika, mashine yake ilisimama. Ulirudi."

"Nilirudi."

"Kwa nini, Fundi?"

Fundi aliilaza bunduki benchini. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Mpwa wangu nilimlea mimi. Alitaka bunduki, hela hana. Nikamchagulia hii mwenyewe, nikaipenda bei. Ikamrudia usoni. Baada ya mazishi nikazifungua zilizobaki, kumi na mbili, zote jino bovu. Nikamwambia Bosi azirudishe zilikotoka. Akakubali. Jana narudi namkuta anaipangusa moja. Anasema kuna mkulima anaitaka."

"Ukampiga."

"Kwanza nilitia risasi, nikampa. Nikamwambia, kama ni nzima lipige pipa wewe, weka shavu lako hapo. Akakataa. Alijua. Basi nikaweka shavu langu mimi, nikamlenga yeye. Nilidhani tutakwenda wote wawili. Ikashika. Kwa mpwa wangu haikushika, kwangu ikashika."

"Na huyu bwana ungemwacha anyongwe?"

Fundi alimgeukia mkulima kwa mara ya kwanza. "Sijui. Tangu jana sijawaza kitu. Mkono tu ndio ulikuwa unafanya kazi."

Mdogo wake marehemu alikaa chini juu ya sanduku, akafunika uso. Mkulima alikuwa anajisugua mikono pale pingu zilipokuwa.

"Ile ya pili ukutani," fundi alimwambia. "Ya zamani, kitako kimechunika. Nzito, na darubini haina. Lakini meno yote mawili yanakamata, nimeyakagua mwenyewe. Bei ni ileile. Chukua hiyo."

"Ahsante, Mzee," mkulima alisema, kisha akaonekana kujuta kwamba amesema.

Fundi alinyoosha mikono, akafungwa pingu. Koplo aliichukua ile bunduki mpya, akaisukuma bolti ikafunga, akairudisha benchini, akamshika fundi kiwiko.

Mlangoni fundi alisimama. Hakugeuka.

"Koplo, usiiache imefungwa. Bunduki hulazwa bolti wazi, mtu aone haina risasi."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta aliitikia kwa kichwa. Koplo akarudi mpaka kwenye benchi, akaivuta bolti, akaiacha wazi, ndipo wakatoka.