Kiti Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Siku ya kufunga maonyesho ya vitabu ukumbi ulifurika, na kelele za watoto zilikizidi kipaza sauti. Nyuma ya meza moja alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani na miwani iliyomteleza puani kila alipoinama. Aliandika vitabu vya watoto kuhusu wanawake wa zamani waliofanya makubwa: hakimu, rubani, dereva wa treni. Mwanamume mrefu, shati limejaa madoa ya rangi, alikichukua kile cha dereva wa treni, akalitazama jalada.

"Huyu mama kweli aliendesha treni ya makaa?"

"Mpaka alipostaafu."

"Mbona mikono yake misafi kama ya bibi harusi?"

Mwandishi akaisukuma miwani yake juu. "Wewe ni mnunuzi au mkaguzi?"

"Nachora mabango ya maduka. Mikono michafu naijua."

"Basi nunua, ukamchafue mwenyewe nyumbani."

Alinunua. Haikupita wiki akamletea jalada jipya: dereva yule yule, kucha nyeusi, masizi shavuni, anacheka. Mhariri alipoliona akampa mchoraji kazi ya kitabu kilichofuata, cha mkunga aliyefungua chuo cha kwanza cha wakunga. Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye mikono ya mtu aliyekwisha kufa zamani.

Simu zikawa haziishi.

"Mkaguzi, umekula?"

"Sijala, laazizi. Nahangaika na pua ya mkunga wako. Ilikuwaje?"

"Nimeshakwambia picha yake haipo. Mpe pua nzuri."

"Basi nampa yako."

"Thubutu! Watoto watakitupa kitabu."

Kila Jumapili mchoraji alikwenda kunywa chai nyumbani kwa kina mwandishi, alikoishi na baba yake, seremala mstaafu. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kiti chake cha mbao kilibaki dirishani, mkono wa kushoto umezungushiwa kitambaa cha buluu pale alipozoea kuegemeza kiwiko. Hakuna aliyekikalia. Baba alipita mbele yake taratibu, kama mtu anayempita aliyelala, na jina la marehemu halikutajwa.

Katika vitabu vya mwandishi hakuna aliyekufa. Hakimu aliachwa mahakamani, rubani aliachwa angani. Kwa mkunga, mhariri alikataa. "Watoto wataniuliza aliishia wapi. Niwaambie nini?" Mwandishi akaandika, "Alifariki akiwa mzee," akaituma bila kuisoma tena. Ukurasa uliobaki ukaachiwa mchoraji.

Nakala ya majaribio ilipotoka, mwandishi aliifungua akiwa amesimama jikoni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kiti kitupu dirishani, mto mdogo umeegemezwa mgongoni mwake. Mkono wa kushoto ulikuwa na kitambaa cha buluu.

Akapiga simu.

"Umechora kiti cha mama yangu."

"Kiti kipi?"

"Usinifanye mtoto."

Karatasi zilisikika zikipekuliwa upande wa pili.

"Mungu wangu. Mpenzi, sikukusudia. Nilitafuta kiti cha mtu aliyeondoka, mkono ukaenda wenyewe."

"Mkono wako una macho, basi. Kumbe Jumapili zote hizo ulikuja kwetu kunakili samani?"

"Nakifuta leo hii."

"Futa na namba yangu."

Mchoraji alipiga tena na tena, hakupokelewa. Mwandishi alimtaarifu mhariri kwamba picha itolewe na kitabu kiishe kwa maandishi matupu. Mhariri akamjibu kwamba kiwanda kinasubiri, afikirie mpaka Ijumaa. Alifikiri kidogo sana. Alikwenda kazini, akarudi, akala amesimama.

Alhamisi jioni alimkuta baba yake mezani, nakala ile imefunguliwa mbele yake.

"Nani kachora hiki?"

"Yule Mkaguzi. Kitatolewa, baba, usijali."

"Amekosea."

"Najua amekosea."

"Hujui wewe. Huu mto. Mama yako hakuuweka mgongoni hata siku moja, aliukalia. Alisema nilikitengeneza kiti kigumu makusudi, asikae sana kupiga soga na mashoga zake."

"Ulikitengeneza makusudi?"

"Ndiyo," alisema mzee, akacheka mpaka akakohoa.

Hakuwa amecheka tangu mazishi. Akaendelea: namna mkewe alivyorudisha meza dukani akiwa mjamzito, namna alivyogoma kukaa karibu na mkwe wake. Mengine mwandishi alikuwa hajawahi kuyasikia. Yeye aliyehangaika miaka yote kukusanya habari za wanawake wa watu wengine alivuta kigoda akakaa.

"Mpigie huyo kijana," baba alisema mwishowe. "Asikitoe. Akirekebishe."

Simu ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

"Nipo," mchoraji alisema.

"Baba anasema umekosea mto."

"Baba amekiona?"

"Njoo na penseli."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi niliandika sentensi mbovu. Njoo."

Alifika shati limepigwa pasi upande mmoja tu. Baba akamkalisha karibu na dirisha, akamsimamia kama anavyosimamiwa fundi mwanafunzi. "Shusha. Shusha tena. Mto ubonyee katikati, mtu kainuka sasa hivi." Penseli ilikwaruza, ikafuta, ikakwaruza. Mezani mwandishi alikuwa na sentensi yake. Aliikata, akaandika nyingine: *Alipofariki, watoto aliowapokea duniani walikuja kumsindikiza, na wengi wao walikuwa na mvi.*

Mchoraji aliinuka, akaisoma juu ya bega lake. Aliisoma tena. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Nataka nikuoe."

"Unaniambia mimi? Kamwambie baba."

"Baba si kiziwi," mzee alijibu kutoka dirishani. "Amalize mto kwanza."