Mchi wa Marehemu Mama

Asubuhi moja tulimwona baba mkwe wangu ana kiganja cheusi tii. Tulicheka. Kesho yake hatukucheka. Mkongojo wake ulikatika, naye akaanguka mlangoni.

Mume wangu alikuwa ameununua sokoni wiki ileile. "Ni mpingo huo," aliambiwa, naye akaamini. Nikatazama palipokatika. Ndani mweupe pe!

"Mpingo gani huu?" nikafoka. "Umepakwa rangi ya viatu!"

Mzee hakuumia sana, lakini aliapa. "Sitoki tena. Mtanitoa humu mmenibeba."

Maneno hayo yaliniuma. Mzee huyu hata mvua haikumzuia kwenda kupiga soga. Nikavipeleka vipande kwa jirani yetu, mchongaji.

Alivipima mkononi, akacheka. "Shemeji, hizi ni kuni zimevaa suti."

"Sasa mpingo wa kweli nitaujuaje?"

"Ni mzito. Utie majini, unazama. Ukwangue, weusi hautoki, maana kiini chenyewe ni cheusi. Ni mgumu, ndiyo maana tunachongea filimbi na vinyago."

"Basi mchongee mzee mkongojo."

"Nina gogo bichi tu. Likikauka haraka linapasuka. Nimelipaka nta kwenye ncha, nimeliweka kivulini. Rudi baada ya miaka miwili."

"Miwili! Mzee ana themanini na minne!"

"Haraka haraka haina baraka, shemeji. Kwenu hakuna kitu cha mpingo cha zamani?"

Nilirudi nimenuna. Jikoni nikauona mchi wa marehemu mama mkwe. Kila siku nilikuwa naulalamikia uzito wake. Uzito! Nikaukwangua kwa kisu. Mweusi. Nikautumbukiza kwenye pipa la maji. Chubwi! Ukazama mpaka chini.

Nikampelekea mzee, maji yakichuruzika. "Baba, fundi akiuchonga huu, utakubali?"

Aliushika, akaupapasa. Machozi yalimlengalenga. Kisha akacheka. "Mama yenu alinitishia mchi huu miaka arobaini. Haya, mpelekee."

Fundi alijifunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la mpingo linawasha. Alichonga siku nne. Hakupaka rangi. Alisugua tu mpaka ukang'aa.

Siku ya tano mzee alitoka, akapiga soga mpaka jioni. Aliporudi nikamwambia, "Baba, hebu nione kiganja."

Kilikuwa safi.

"Ulitegemea nini?" akasema. "Mama yenu hakuwa mtu wa kupaka rangi."