Nilifundisha Urithi wa Damu Darasani, Nyumbani Nikanyamaza

Nina miaka thelathini na sita. Ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Mwanza, upande wa Buzuruga. Jina langu mniachie mwenyewe, maana wanafunzi wangu wanasoma, na wazazi wao wanasoma. Haya ninayoyaandika sijayasema hata kanisani.

Ndugu msomaji, mimi si mjinga. Ningekuwa mjinga ningekuwa na nafuu! Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha nne nachora visanduku vinne ubaoni. Nawaambia: baba ana herufi mbili, mama ana herufi mbili, na kila mmoja anampa mtoto moja tu. Herufi kubwa ni damu nzima, herufi ndogo ni sikoseli. Mwenye moja kubwa na moja ndogo haumwi, yeye ni mbebaji tu. Lakini wabebaji wawili wakioana... mtoto anaweza kupewa ndogo kwa baba na ndogo kwa mama. Huyo ndiye mgonjwa.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Madam, kwa hiyo wakizaa wanne, mmoja ndiye ataumwa?" Nikamjibu hapana, kila mimba inaanza upya. Wanaweza kupata wanne wazima, na wanaweza kupata mgonjwa kwa mimba ya kwanza tu. Nilimjibu nimegeukia ubaoni, maana nilikuwa najisema mwenyewe.

Mimi ni mbebaji. Nilijua nikiwa chuo, walipokuja watu kupima damu bure. Wakati huo nilikuwa na mchumba, kijana wa kwetu Muleba, tayari barua ya posa imeshafika kwa baba. Nikamwambia ukweli kama mtu mwenye akili zake. Wiki hiyo hiyo mama yake akatuma neno kwamba wao hawaoi ugonjwa. Posa ikafa! Nililia wiki tatu, na nikaapa kwamba mdomo huu hautarudia tena kosa hilo.

Miaka miwili baadaye nikampata Mafuru, Mjita wa kule Musoma vijijini, muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Aliishia darasa la saba, lakini roho yake... jamani! Kabla ya ndoa mchungaji alitutaka tukapime. Tukapima UKIMWI, tukapeleka majibu, tukashukuru Mungu. Mchungaji akatuuliza kama kuna jingine lolote tunalopaswa kuambiana. Mafuru akasema hana. Na mimi nikasema sina.

Nilijipa moyo. Kama Mafuru ni mzima, si hakuna mtoto atakayeumwa? Sasa niseme ya nini, nifukuzwe tena?

Tukampata Elia. Mtoto mzuri, mnene, mcheshi. Mama mkwe akaja kutoka Musoma kunisaidia kulea. Elia alipofika miezi minane akaanza kulia. Si kilio cha njaa, ni kilio cha kukata maini! Vidole vya mikono vikavimba kama vindizi, ukivigusa anapiga yowe. Picha ya mikono ile nilikuwa nayo kwenye kitabu cha kufundishia.

Mama mkwe akamchukua, akamtazama, machozi yakamtoka. Akasema, "Huyu analilia jina. Ni Magesa huyu." Mimi sikumjua Magesa. Ndipo akanisimulia. Magesa alikuwa kaka yake Mafuru, aliyekuwa akiumwa mifupa tangu mdogo, macho ya njano, na akafariki ana miaka saba. Marehemu hajapata mtu wa kumrithi jina, kwa hiyo anamsumbua mtoto.

Yesu wangu! Niliposikia macho ya njano nikaelewa. Herufi iliyokuwa imekosekana ndiyo hiyo, imeletwa na bibi mwenyewe kwa mdomo wake. Mafuru ni mbebaji. Mtoto wetu anaumwa. Na mimi nimejua.

Mnadhani nilifanya nini? Nilisema sawa, mama, apewe jina.

Kesho yake asubuhi ndugu walikaa sebuleni. Mama mkwe akachukua funda la maji mdomoni, akampulizia mtoto kifuani, akamwita Magesa mara tatu, kisha akanirudishia nimnyonyeshe. Akinyonya, jina limekubaliwa. Akanyonya! Watu wakapiga vigelegele. Hawakujua kwamba nusu saa kabla nilikuwa nimempa dawa ya maumivu chooni, mlango nimefunga kwa komeo. Baada ya siku nne uvimbe ukapungua wenyewe, na wote wakamshukuru Magesa.

Najua mtaniuliza kwa nini sikumpeleka hospitali. Niliogopa! Wangempima yeye, kisha wangetupima sisi, kisha wangeniuliza kama sikujua. Kila mgeni aliyebisha hodi nilidhani amekuja kuniumbua.

Alipotimiza mwaka na nusu maumivu yakarudi, safari hii miguuni. Wakasema Magesa amekataa, labda ni marehemu babu yao, Masatu, anataka jina. Mimi, mwalimu mwenye shahada, nikashika mtoto apewe jina la pili. Nilikuwa nampa maji mengi, namfunika sweta, nanunua vidonge vya kuongeza damu kwa siri nasema ni vitamini. Nilijidanganya kwamba hayo yanatosha.

Hayakutosha... Elia akiwa na miaka mitatu na miezi miwili, siku ya Jumamosi, alikuwa mezani anakunywa uji. Kikombe kikamwanguka. Nikamwambia, wewe, shika vizuri! Akanitazama, mdomo umekwenda upande mmoja. Akataka kuita mama, ikatoka sauti isiyoeleweka. Mkono wa kulia umelegea, mguu wa kulia umelegea. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mafuru alimbeba mtoto kifuani, tukapanda bajaji, na njia nzima alikuwa anarudia, "Baba, niangalie. Baba, niangalie mimi."

Hospitali wakasema ni kiharusi. Kiharusi, kwa mtoto wa miaka mitatu! Wakapima damu, wakasema ni selimundu, ile tunayoiita sikoseli. Daktari akauliza kama kuna historia kwenye familia. Mama mkwe akasimulia habari za Magesa. Kisha daktari akanigeukia, "Na kwenu, mama? Uliwahi kupimwa?"

Nikasema hapana.

Mafuru alitoka nje akajiegemeza ukutani, akalia kama mwanamke. Alisema damu ya kwao ndiyo imemuua ndugu yake na sasa inamuua mtoto wake. Mama mkwe alinifuata pembeni ya kitanda. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyenilelea mtoto, akapiga magoti kwenye ile sakafu mbele yangu. "Mwanangu, tusamehe. Tumekuletea ugonjwa wa kwetu nawe hukuwa na kosa."

Nami nikamwinua. Nikamwambia, "Mama, nimewasamehe."

Ndiyo. Nilimsamehe!

Siku ya tisa Elia alikuwa amefumbua macho vizuri. Daktari akatuita wawili, akachukua karatasi, akachora visanduku vinne. Akamweleza Mafuru pole pole: ugonjwa huu hauji kwa upande mmoja, ni lazima baba atoe na mama atoe. Mafuru akaikodolea macho ile karatasi. Akaweka kidole kwenye kisanduku cha mwisho. Kisha akanigeukia, wala hakupaza sauti.

"Mke wangu, haya si ndiyo unayofundisha?"

Sikuweza kudanganya tena. Nilimwambia yote, ya chuo, ya yule mchumba, ya dawa za chooni. Daktari alitoka akatuacha. Nilitegemea Mafuru anipige, na nilitamani anipige. Akaniuliza jambo moja tu: kama angejua mapema, mtoto angepata dawa za kumkinga? Nikasema angeanzishiwa kliniki akiwa mchanga, na huenda mkono wake ungekuwa mzima. Akasema, "Mimi ningekuoa hivyo hivyo." Akaondoka.

Sasa anaishi na mama yake, wamepanga chumba Kirumba. Kila jioni anakuja Igogo ninakoishi, anamnyoosha Elia mkono kama tulivyoelekezwa, anamlisha, anaondoka. Hanywi hata maji kwangu. Mama mkwe sijamwona tangu siku ile niliyosema ukweli. Alituma neno kwamba ule msamaha wangu niuchukue, hauhitaji.

Elia anakunywa dawa kila siku na anachechemea. Akipata joto kidogo tu siwezi kula wala kufundisha, namhesabia pumzi. Daktari amesema kiharusi kinaweza kurudi. Hofu niliyokuwa nayo ya kuachwa ilikuwa mchezo, jamani. Hofu ni hii.

Wadogo zangu, na ninyi kaka zangu mnaosoma, nawaomba. Kapimeni kabla ya kuvishana pete, na si UKIMWI peke yake. Ulizeni waliofariki wadogo kwenye koo zenu walikuwa wanaumwa nini. Mtoto akililia jina mpeni jina, hakuna ubaya, lakini siku hiyo hiyo mpelekeni akapimwe damu. Na wewe unayejijua ni mbebaji, si ugonjwa huo wala si aibu. Sema! Mchumba akiondoka kwa sababu ya karatasi, mwache aende. Yule wa kwangu nilimlilia wiki tatu, nikanyamaza. Mwanangu namlilia kila asubuhi ninapomfunga vifungo vya shati, na yeye ananifuta machozi kwa mkono wa kushoto.